Sifuri za Vumbare

Mashine ilisema sifuri, na Nanzia Mgonja hakuiamini.

Alikifuta kioo kwa pindo la kanga, akairudisha chembe ya unga wa mfupa kwenye tundu la kipimo, akasubiri. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunzaji wa Daftari la Damu la Vumbare, mji wa watu elfu mbili waliojibana kwenye miteremko ya Upare. Kipimo kile kilirudi nyuma vizazi kumi, na katika vizazi kumi watu wa Vumbare hawakosi kuwa ndugu. Hata wanawake wawili wakitukanana kisimani utakuta wana bibi mmoja mahali fulani. Sifuri kamili aliwahi kuiona mara moja tu. Aliyeandikiwa ndiye huyu aliyesimama mbele yake, magoti yamejaa vumbi, anatabasamu.

Kengele ikalia. Sifuri tena.

"Mashine imechoka," Nanzia alisema.

"Mashine iko sawa, dadangu," Ekai Lokorio akamjibu. "Wewe ndio hutaki kuskia."

Ekai alikuwa mchimbua mifupa kutoka Turkana. Kwa miezi mitano alikuwa akichimba katika pango lililo chini ya ukuta wa ndiva, bwawa kubwa la mji ambamo maji ya kiangazi chote huhifadhiwa. Mle pangoni alikuta watu kumi na mmoja waliozikwa pamoja, mifupa ya miaka elfu themanini, na leo alikuwa amemletea Nanzia unga wa kila mmoja ili Daftari liseme nani alikuwa nani. Kumi walikuwa ukoo mmoja: bibi, mabinti, wajukuu. Wa kumi na mmoja hakuwa wa mtu yeyote.

"Na huyu ndiye aliyevunjika paja," Ekai akasema, akaweka mfupa mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayemlaza mtoto. "Tazama hapa. Umeunga. Mfupa wa paja hauungi kwa wiki mbili, Nanzia. Miezi minne alilala. Hakuwinda, hakuchimba mizizi, maji hakuyafikia. Fisi walikuwako. Kuna mtu alimlisha, akamfukuzia fisi."

"Mume wa mmoja wa mabinti."

"Ni mama mzee, na hakuwahi kuzaa. Nyonga inaonyesha."

Nanzia alitaka kujibu, lakini kikuku cha shaba mkononi mwake kilitetemeka, mara moja, kidogo. Alikitupia jicho. Binamu yake Sifuni alikuwa amejikata kisu jikoni. Sehemu ya damu moja ya nane, hatari ndogo, na dada yake Sifuni alishafika. Kikuku kikatulia. Ndivyo Vumbare walivyoishi. Kanuni walifundishwa kabla ya kujua kuhesabu mbuzi: chukua faida ya anayeokolewa, izidishe kwa sehemu ya damu mnayochangia, ikizidi hasara yako, kikuku kitatetemeka nawe uende. Isipozidi, kaa ulipo. Wataalamu wa zamani walisema ndivyo wema ulivyoota duniani, mama kwa mwanawe na ndugu kwa ndugu, damu ikijihurumia yenyewe. Wengine waliisoma hesabu hiyo vitabuni wakapita. Vumbare waliichukua wakaifunga mkononi.

Ekai naye alivalishwa kikuku siku aliyofika, maana sheria ni sheria. Hakijapata kutetemeka, wala hakijapata kutetemesha cha mtu mwingine. Alikuwa akikitumia kufungulia chupa za soda.

"Hesabu yenu si uongo," alisema akikusanya vitu vyake. "Ni mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi, na nyinyi mmekaa hapo mlangoni mnasema nyumba yote ndiyo hii. Nimeacha nusu ya taya ya yule mama kule pangoni. Naifuata, halafu tutabishana vizuri."

Akaondoka akipiga mluzi. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

*

Saa tano na dakika kumi kilima kilitikisika. Vyungu viligongana jikoni kwa Mama Naetwe, mamake Nanzia, kuku wakapiga kelele, kisha kukawa kimya. Katika mji wa watu elfu mbili, hakuna kikuku hata kimoja kilichotetemeka. Watu walitazama mikono yao, wakashukuru Mungu, wakaendelea kumenya ndizi.

Nanzia alijua kwa sababu ya redio tu. Ekai alikuwa na redio mbili ndogo za kazi, moja amemwachia yeye, na sauti yake ilitoka humo ikiwa imejaa vumbi. "Nanzia. Mdomo wa pango umefunga. Jiwe limenilalia mguu. Na kuna maji yanachuruzika ukutani, upande wa ndiva. Si mengi. Bado."

Nanzia akampigia simu mwenyekiti wa baraza, Mzee Kiangi Mbwambo. Mzee Kiangi alikuwa mtu mwenye sauti ya taratibu na kauli fupi, na hakuwa mbaya, hilo lisemwe mapema.

"Binti yangu," alisema, "ukichimba chini ya ukuta uliojaa, ukuta unakuja. Ukitaka kuchimba, ufungue lango la maji. Ukilifungua, maji ya miezi mitatu yanakwenda bondeni, na tangawizi ya mji mzima inakauka ardhini. Kwa mtu mmoja. Sehemu yake ni ngapi?"

"Unaijua, Mzee."

"Itaje."

"Sifuri."

"Zidisha chochote kwa sifuri," Mzee Kiangi alisema. "Ndugu yangu Eliamini alikufa Mwaka wa Matope akimkimbilia mtu asiyemjua. Tuliapa tusikimbilie tena pasipo hesabu. Mimi siwezi kumwamuru mtu."

Simu ikakatika. Nanzia akabaki mbele ya Daftari, na hapo ndipo wazo lilipomjia, nalo lilikuja jepesi kiasi cha kutisha. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo. Palipoandikwa sifuri mbele ya jina la Ekai, angeweza kuandika nusu, na Daftari lingempa kila mtu wa Vumbare ndugu wa tumbo moja aliyenaswa chini ya jiwe. Vikuku elfu mbili vingelia kwa pamoja. Watu wangekimbia kabla ya kuuliza. Magurudumu ya lango yalihitaji watu arobaini. Wangekuja mia nne.

Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye vitufe. Alimwogopea Ekai, na alijiogopa mwenyewe zaidi, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kubadili hata herufi moja.

"Unaandika nini?"

Mama Naetwe alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Ofisi ya Daftari ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na bibi huyu wa miaka sabini na minane alisikia kila kitu kilichosemwa humo tangu siku ya kwanza, ingawa akitumwa dukani alikuwa kiziwi.

"Naandika uongo, mama. Mmoja tu. Wakishamtoa nitaungama."

Mama Naetwe akaingia ndani. Alitazama ukutani. Hapo palitundikwa mbiu, pembe la tandala lenye urefu wa mkono, na kwenye mbiu hiyo alikuwa amening'iniza mafungu ya vitunguu kwa muda wa miaka thelathini na moja. Zamani, mbiu ikilia Vumbare ilikuwa ni msaragambo: kila mwenye mikono hutoka, akabeba jembe, akaenda. Desturi ilikuwa kali katika jambo moja. Mbiu ikilia hakuna kuuliza. Anayeuliza ni mvivu.

"Unajua nani aliipuliza Mwaka wa Matope," mama alisema.

"Najua ni wewe."

"Unajua hilo tu. Maporomoko yalikuwa yamewafukia wapita njia upande wa mashariki. Ukuta wa ndiva wa magharibi ulikuwa umepasuka, mimi niliuona, nilikuwa juu. Nikapuliza. Sikusema ni upande gani, maana mbiu haisemi, na watu hawaulizi. Baba yako akapita magharibi kwa kuwa ndiko karibu. Ukuta ukawafunika watu thelathini na mmoja, Nanzia." Aliuweka mwiko juu ya meza, juu kabisa ya karatasi za serikali. "Wazee wakakaa wakasema wamekufa kwa kuwakimbilia wageni. Nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa nafuu kwangu. Hawakufa kwa ajili ya wageni. Walikufa kwa kuwa sikuwaambia. Na wewe sasa unataka kuwapeleka vilevile, hawajui wanakwenda kwa nani."

Nanzia alilia, kwa ufupi, kama mtu asiye na muda wa kulia. Kisha akainuka, akavishusha vitunguu sakafuni, akaishika mbiu.

*

Alisimama kibarazani akapuliza. Ilitoka sauti ambayo si ya kusimuliwa mbele ya wakwe.

"Toba," Mama Naetwe alisema. "Utadhani ng'ombe amekula maharage. Lete hapa."

Akaijaza pumzi, akaifunga midomo yake pembeni palipobaki meno, na mbiu ya Vumbare ikalia baada ya miaka thelathini na moja. Ilipanda miteremko, ikagonga mawe, ikarudi. Wenye umri wa kuikumbuka walisimama wima walipokuwa. Vijana walidhani ni gari.

Nanzia akashika kipaza sauti cha mji. Kikuku kilikuwa kimetulia mkononi.

"Ndugu zangu, mimi ni Nanzia wa Daftari. Mbiu imelia, lakini safari hii nataka mjue kabla ya kunyanyua jembe. Aliyenaswa ni Ekai Lokorio, mchimbua mifupa, katika pango la mashariki chini ya ndiva. Si ndugu wa yeyote kati yenu. Nimempima mwenyewe, ni sifuri. Ili tumtoe lazima tufungue lango, na tukifungua, tangawizi ya mwaka huu tumeizika. Ukuta unavuja. Njia salama ni ya kanisani, msipite magharibi. Magharibi ni pabovu. Hakuna atakayeandikwa vibaya akibaki nyumbani. Mimi nakwenda."

Akaweka kipaza sauti chini, akachukua sururu ya mama yake, akashika njia. Hakugeuka nyuma. Aliogopa kugeuka.

Alipofika kanisani alisikia mtu akihema nyuma yake. Alikuwa Mkunde, muuza maandazi, unga umemfika viwikoni, chepeo begani.

"Kikuku chako kimetetemeka?" Nanzia alimuuliza kwa mshangao.

"Kwani kikuku ndicho chenye miguu?" Mkunde akajibu. "Yule bwana kila asubuhi anasema maandazi yangu ni mabaya, halafu ananunua sita. Nani ataninunulia?"

Na nyuma ya Mkunde kulikuwa na fundi cherehani, na nyuma ya fundi walimu wawili, na nyuma yao njia nzima ya kanisani ilikuwa imejaa. Walikuja na majembe, karai, kamba za kufungia ng'ombe, milango iliyong'olewa kwenye bawaba ibebe kifusi. Kuna waliomjua Ekai na kuna waliouliza njiani, "Hivi ni yule mrefu au yule mfupi?" Hakuna aliyepita magharibi.

Watu arobaini walishika magurudumu ya lango. Wengi wao walikuwa wenye mashamba ya juu, ambao wangepoteza zaidi ya wote. Gurudumu la kwanza liligoma, kisha likatoa mlio wa chuma, na maji yakaruka kwenda bondeni kwa ngurumo iliyotikisa vifua. Mwanamke mmoja aliyaangalia maji yake yanavyokwenda, akapiga kigelegele. Kwa nini, mwenyewe hakuweza kueleza baadaye. Alisema tu kilimtoka.

Kisha wakachimba. Walijipanga mistari miwili, karai zikipita mkono kwa mkono. Upande wa kulia wa Nanzia alikuwa mtu aliyejifunga gunia kichwani na usoni kwa ajili ya vumbi. Hakusema neno, na alipokea karai kwa nguvu ambayo umri wake, kwa jinsi mgongo ulivyopinda, haukupaswa kuwa nayo.

Redio ilikuwa imefungwa kiunoni mwa Nanzia, na Ekai humo ndani hakunyamaza.

"Nawaskia," alisema. "Ni wangapi?"

"Usiulize. Hifadhi pumzi."

"Nikinyamaza nitalala. Skiza. Yule mama wa paja. Nimefikiria. Kambi za kale hazikuwa ukoo mmoja. Watu waliingia na kutoka, wakafuata wake, wakafuata asali. Unaamka asubuhi, nusu ya wanaolala karibu na moto wako si damu yako. Mtoto wako anashikwa na nani ukienda kuchimba mizizi? Na yeyote aliye karibu. Kambi iliyokaa ikipiga hesabu, fisi walimaliza hesabu. Sisi ni watoto wa wale walioinuka kwanza wakauliza baadaye."

"Hapa wameuliza kwanza," Nanzia alisema, huku machozi na matope vikimchanganyikia mdomoni. "Wameambiwa kila kitu, Ekai. Na wamekuja."

"Wote?" sauti ikauliza, ndogo.

"Lala chali, ujikinge uso. Tunaondoa jiwe."

Saa kumi na nusu jua lilipokuwa bado linawaka, walimpitisha Ekai Lokorio mkono kwa mkono juu ya vichwa vyao, amelazwa kwenye mlango wa jikoni wa mtu fulani. Paja la kushoto lilikuwa limevunjika. Kifuani alikuwa amekumbatia nusu ya taya. Kelele zilizopigwa siku hiyo zilisikika hadi tambarare, na wa tambarare walidhani Vumbare wana harusi.

*

Sheria ilitaka baraza likae baada ya siku tatu. Daftari lilikuwa limeandika lenyewe kila kikuku kilichofika kwenye ukuta, na kila aliyeingia hatarini pasipo sehemu ya damu ilipasa jina lake lisomwe hadharani, apewe onyo. Ukumbi ulifurika hadi madirishani. Ekai alikaa mbele, mguu umefungwa mbao, umeegeshwa juu ya kigoda. Mama Naetwe alikaa kando yake, mbiu mapajani, na alikuwa amekwisha wasimulia waliomzunguka, mmoja mmoja, jambo alilolinyamazia kwa miaka thelathini na moja. Wapo waliolia, na yupo mmoja aliyeondoka. Wengi walimshika mkono.

Mzee Kiangi aliketi kwenye kiti cha mwenyekiti, amenyoka, kofia magotini. "Soma," alimwambia Nanzia.

Nanzia akafungua. "Mkunde Senzige," alisoma. "Sehemu ya damu: sifuri."

Mkunde alitazama miguu yake.

"Niwaeli Mgonja. Sifuri. Namsifu Kajiru. Sifuri. Yoeli Mzava, sifuri."

Alipofika jina la kumi mtu alicheka nyuma, akajizuia. Jina la ishirini walicheka watatu. Jina la hamsini fundi cherehani aliposikia lake, alisimama akainama kama bwana harusi, ukumbi ukapiga makofi. Baada ya hapo hakukuwa na baraza tena. Nanzia alikuwa akitaja jina tu, na watu mia tano, pamoja na waliobaki nyumbani siku ile na sasa wanajuta, waliitikia kwa sauti moja: "Sifuri!" Watoto waliruka. Wenye mashamba ya juu, waliokwisha kuanza kung'oa tangawizi iliyonyauka, waliitikia kuliko wote. Nanzia alisikia sauti yake mwenyewe ikipanda, na alijua kwamba katika miaka yote ya kazi yake hajawahi kusoma kitu kizuri namna ile.

Majina mia tatu na kumi na moja yakasomwa. Alifunua ukurasa wa mwisho. Lilibaki jina moja, nalo lilimfanya asite.

Alikumbuka gunia usoni. Alikumbuka mgongo uliopinda.

Akainua macho. Mzee Kiangi alikuwa amekwisha simama. Kofia ilikuwa kifuani, na viganja vilivyoishika vilikuwa vimechubuka, vimefungwa vitambaa.

"Kiangi Mbwambo," Nanzia alisoma polepole, "mwenyekiti wa baraza."

Ukumbi mzima ukamgeukia.

"Malizia, binti," mzee akasema. "Na useme kwa nguvu, ndugu yangu Eliamini asikie."